Mgeni mlangoni, ufunguo mlangoni: lini "in", lini "on", lini "at"?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli ndogo hapa Nungwi. Kiingereza nazungumza na wageni wananielewa, ila 'in', 'on' na 'at' zinanitia aibu. Skuli tulifundishwa 'in' ni ndani, 'on' ni juu, 'at' ni kwenye. Wiki iliyopita nilimtumia mgeni ujumbe 'Your taxi is in the gate', na jioni nikamwambia mwingine 'Your friends are already on the table'. Wote wawili walicheka, nami nikacheka nao bila kujua nacheka nini. Kuna kanuni ya kushika au ni kukariri tu? Halafu lipo la haraka: bosi anataka bango la getini liandikwe 'Welcome in Nungwi', na fundi wa rangi anakuja Jumamosi. Ni sawa?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na kicheko, maana bado hujaambiwa ulichekesha nini. Yule wa kwanza aliposoma "in the gate" aliona teksi imejipachika baina ya nguzo mbili za geti, haiingii wala haitoki. Wa pili aliwaona rafiki zake wamepanda mezani na viatu vyao, pengine wamejilaza kati ya sahani ya pweza na bakuli la kachumbari. Ulitaka kusema "at the gate" na "at the table". Teksi alipanda, chakula alikula, hakuna aliyeumia. Lakini umeuliza kanuni, na kanuni ipo, ila si ile uliyopewa skuli.

Ubaya wa ile ya skuli ni kwamba inakufanya mtu wa kutafsiri. Kichwani una neno "mezani", basi unahangaika kutafuta Kiingereza cha ile "-ni" ya mwisho. Hukipati kwa sababu hakipo. Sogea uutazame mlango wa chumba chochote hapo hotelini. Mtu anabisha hodi: yupo mlangoni. Kile kibao cha "Do not disturb" kinaning'inia: kipo mlangoni. Mgeni kasahau ufunguo kwenye kitasa: uko mlangoni. Sisi neno letu ni moja mara tatu, wala hapana anayebabaika, maana kila mtu anajua mtu husimamaje mlangoni na ufunguo hukaaje. Mwingereza kwa mlango uleule ana maneno matatu: "There's someone at the door. There's a sign on the door. The key is in the door." Yeye hakuachii ukisie. Mtu kafika penye mlango, kibao kimegusana na ubao wa mlango, ufunguo umezama ndani yake.

Mlango haukubadilika. Kilichobadilika ni namna kila kitu kinavyohusiana nao. Ndiyo maana wale wanaokariri orodha ya "mlango huchukua at, ukuta huchukua on, chumba huchukua in" hufika mahali wakakwama. Nomino haichukui kihusishi, yaani neno la aina ya "in", "on" au "at", kama mtu anavyochukua kitambulisho. Jiulize: hapa nakitazama mahali hapa kama nini?

Ukipatazama kama nukta tu, pahali pa kukutania, pa kusimama, pa kufanya jambo, bila kujali kuta zake wala ukubwa wake, hiyo ni "at". "At the gate", "at reception", "at the bus stop", "at the airport". Wageni wapo "at the table" kwa sababu meza hapo ni pahali pa kulia, si ubao wenye miguu minne. Ukubwa kwa kweli haumo katika hesabu. Watu hufundishwa kwamba "at" ni ya padogo na "in" ni ya pakubwa, nami nawaambia wanafunzi wangu wafikirie Chalinze. Ndugu yako anatoka Dar es Salaam kwenda Arusha kwa basi, anakupigia: "We stopped at Chalinze for tea." Mji mzima, lakini kwa abiria ni kituo, nukta moja kwenye safari. Mwenye nyumba yake palepale atasema "I live in Chalinze", kwa kuwa yeye mji umemzunguka. Mji haukupungua wala kuongezeka.

"On" ndiyo iliyoharibiwa zaidi na skuli, kwa lile neno "juu". Mtazame nzi aliyetua kwenye dari. Yuko chini ya dari, miguu juu, mgongo chini, na Mwingereza anasema "There's a fly on the ceiling." Picha haiko juu ya ukuta, lakini ni "on the wall". Kwa hiyo shika kugusana badala ya kimo: kitu kinaugusa uso wa kitu kingine, uso uwe umelala, umesimama au umepinduka. Na "juu ya" yetu inabeba mizigo mingine ambayo "on" haiwezi. Ukisema taa iko juu ya meza, mimi sijui kama ni kandili iliyowekwa au ni balbu inayoning'inia. Ile iliyowekwa ni "on the table". Inayoning'inia ni "over the table" au "above the table". Mgeni akikuuliza swichi ya feni iko wapi, tofauti hiyo itamwokolea dakika tano za kupapasa ukuta.

"On" ina kazi ya pili ambayo vitabu vingi huipitia mbiombio: mstari. Barabara, pwani, mpaka, mto, ufuo, vyote Kiingereza huviona kama mistari, na kilicho kando yake au juu yake ni "on". Mombasa ni "on the coast". Mwanza ni "on Lake Victoria", maana imeegemea ufukwe wake, ilhali sangara ni "in Lake Victoria". Hoteli yenu ni "on the beach". Ukisema "in the beach" mgeni atadhani mmeifukia mchangani.

"In" ni kuzungukwa. Kuta si lazima. Jua linakuzunguka, "in the sun". Mvua, kivuli, bahari, umati: "in the rain", "in the shade", "in the sea", "in the crowd". Kunguru aliyetua katikati ya majani ni "in the tree" kwa kuwa matawi yamemfunika, ila embe linaloning'inia tawini ni "on the tree", limeshikamana. Hapa Kiswahili chako kina kitu cha kukufaa ambacho pengine umekisahau, ile "mo". Panapoikubali "mo", aghalabu na "in" hukubali. Jaribu kwa sauti: "Maziwa yamo frijini." Sawa kabisa. "Mgeni yumo mlangoni." Sikio linakataa. "Wageni wamo mezani." Labda wamejificha kwenye mtoto wa meza! Tatizo ni kwamba siku hizi "iko" imemeza kila kitu, tunasema maziwa yako frijini, mtu yuko chumbani, pesa ziko mfukoni, na kipimo kile kikalala. Kiamshe. Ila usiende mbele zaidi ukaitafuta "on" au "at" ndani ya "po" na "ko". Hizo hupima jambo jingine, kama pahali panajulikana barabara au ni kwa jumla, wala hazishughuliki na kugusana.

Kitanda kitakupa mazoezi kila asubuhi. Mhudumu wa vyumba akikuambia taulo zipo kitandani, mwandikie mgeni "The towels are on the bed." Akikuambia mgeni mwenyewe bado yupo kitandani, ni "He is still in bed", kajifunika, kalala, na hapo hakuna hata "the". Ukisikia "on the bed" kwa mtu, basi kajinyoosha juu ya shuka na nguo zake, anasoma simu.

Kwenye vyombo vya usafiri wengi hukata tamaa. Chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on": "on the bus", "on the train", "on the plane", "on the ferry". Chombo unachojikunja ukaingia ukakaa ni "in": "in a taxi", "in a car", hata bajaji. Unachopanda ukapanua miguu ni "on" tena: baiskeli, bodaboda, punda, ngamia. Daladala, hata ile ambayo shingo yako inagusa paa, wao huiweka kundi la basi kwa kuwa ni gari la abiria lenye njia yake. Na baharini kwenu, jahazi ni "on a dhow", ngalawa ni "in", kwa sababu ngalawani hutembei, unakaa ulipokaa mpaka ufike.

Nakusihi ulisome mara mbili hili linalofuata, kwa kuwa hapa ndipo penye chanzo cha makosa yetu mengi. Kiswahili kimekitwisha kitenzi kazi ya kuonyesha upande. Yupo sokoni. Ameenda sokoni. Ametoka sokoni. Amepitia sokoni. "Sokoni" haikutikisika hata kidogo. Ni kitenzi kilichokuambia kama mtu katulia, anakwenda au anarudi. Kiingereza kinataka kihusishi nacho kitikisike: "at the market", "to the market", "from the market", "through the market". Sisi tukiwa tumeshasema "removed" au "came", tunaona kazi imekwisha, tunabandika "in" na kuendelea. Ndiyo "I removed the money in my pocket", sentensi ambayo nimeisahihisha zaidi ya nyingine yoyote katika maisha yangu ya ualimu. Katoa mfukoni, kwa hiyo "from my pocket" au "out of my pocket".

Kuna mpangilio ulionisaidia mimi mwenyewe nilipokuwa najifunza. Kila kihusishi cha kutulia kina mlango wake wa kuingilia na wa kutokea. Uliyekuwa "in", uliingia "into" na utatoka "out of". Uliyekuwa "on", ulipanda "onto" na utashuka "off". Uliyekuwa "at", ulikwenda "to" na utaondoka "from". Sasa rudi kwenye teksi na basi. Kwetu ni "shuka" zote mbili. Kwao, kwa kuwa teksi ni "in", ni "get out of the taxi", na kwa kuwa basi ni "on", ni "get off the bus". Ufunguo mwingine wa chumba upo "at reception", basi mgeni auchukue "from reception". Taulo lililo "on the chair", aliondoe "off the chair". Ukijua kimoja umepata vitatu.

Watu nao wana utaratibu wao. Hatusemi "daktarini" wala "Ashani", tunasema "kwa daktari", "kwa Asha". Kiingereza hapo huweka "at" na alama ya umiliki: "at the doctor's", "at Asha's". Na majina ya miji yetu huwa hayachukui chochote, "nakaa Tanga", ndiyo maana utasikia "I live Tanga". Mji hautaki kitu kwa Kiswahili, kwa Kiingereza unataka "in". Majina yenye "-ni" yake tayari, kama Shangani, Mkunazini na Forodhani, yasikudanganye ukaona kihusishi kimo. Mgeni hana habari kwamba Mkunazini ni penye mkunazi. Mwambie: "The Anglican cathedral is in Mkunazini, on the site of the old slave market." "In" kwa mtaa unaolizunguka kanisa, "on" kwa ardhi lilikojengwa, ardhi ya lile soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Waongoza watalii wengi husema "in the place of", na mgeni anaelewa kwamba kanisa limechukua nafasi ya soko, jambo ambalo si mbali sana na ukweli, ila si ulilotaka kusema.

Kisiwa chako chenyewe: "in Zanzibar" au "on Zanzibar"? Wageni watakuambia yote mawili na yote hayana kosa. Anayeiona kama nchi, yenye serikali, watu na sheria, husema "in". Anayeiona kama ardhi iliyozungukwa na maji husema "on". Kwa "Zanzibar" mimi huandika "in". Kwa kisiwa kidogo, "on" haina mpinzani: kobe wakubwa wapo "on Changuu", matumbawe mazuri yapo karibu na Chumbe na wageni hulala "on Chumbe". Na mahali mnapokaa ninyi mtu anaweza kupaeleza kwa vihusishi vyote vitatu bila kuhama: "We are in Nungwi, on the coast, at the northern tip of Unguja."

Yapo yanayobishaniwa bure. Mwingereza hucheza "in the street", Mmarekani "on the street". Mgonjwa wa Mwingereza amelazwa "in hospital", wa Mmarekani "in the hospital". Chagua upande mmoja, shule zetu zimechagua wa Uingereza, na usipoteze usingizi. Lakini ghorofa ni jambo zito kwa mtu wa mapokezi. Ghorofani daima ni "on", "on the first floor", ila "first floor" ya Mwingereza ni ile ya kupanda ngazi mara moja, ya Mmarekani ni ile ya chini alipo sasa. Nimewaona wageni wakizunguka korido ya chini na mizigo yao wakitafuta chumba kilichokuwa juu ya vichwa vyao. Ongeza "one floor up" na umemaliza.

Ukiniuliza wapi uweke nguvu zako, nitakuambia usianze na "in", "on" na "at". Hizo zikikosewa watu hucheka na kuelewa. Anza na "mbele" na "nyuma", kwa kuwa hizo humpoteza mtu. Mgeni anauliza kituo cha daladala. Wewe kichwani una "mbele ya msikiti", unamwambia "in front of the mosque". Lakini ulimaanisha nini? Kama kituo kipo usoni pa msikiti, upande uleule wa barabara, umesema sawa. Kama kipo ng'ambo ya barabara, ni "opposite the mosque", "across the road from the mosque". Kama ulimaanisha apite msikiti aendelee kidogo, kama tunavyosema "ni hapo mbele", basi ni "past the mosque" au "further on". Mbele yetu moja, njia tatu, na gari litampita akiwa amesimama pasipo.

"Nyuma ya basi" ni vivyo hivyo. "Nimekaa nyuma ya basi" sisi twaelewa ni viti vya mwisho. Ukisema "I sat behind the bus", ulikaa barabarani unavuta moshi wa ekzosi. Ndani ni "at the back of the bus". Nje ni "behind the bus". Na mbele pia: "at the front of the bus" ni karibu na dereva, "in front of the bus" ni pa kugongwa.

Sasa bango. "Karibu" yetu haihitaji kitu, Karibu Nungwi, Karibu Zanzibar, ndiyo maana bosi wako akajazia kihusishi alichoona kinafaa. Lakini "welcome" kwa Mwingereza ni kupokea mtu anayekuja, kuna mwendo ndani yake, na kwa mwendo wa kuelekea pahali ni "to". Kufika nako kusikuchanganye: "arrive" haitaki "to" kamwe. Ni "arrive in Zanzibar", "arrive at the hotel", na nyumbani hakuna kitu, "arrive home". "Reach" na "enter" hazitaki chochote, "reach the hotel", "enter the room".

Kwa hiyo fundi akija Jumamosi mkabidhi karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, WELCOME TO NUNGWI, na usimame naye mpaka aikaushe ile "TO". Bosi akibisha, mwambie kuwa na chini yake mnaweza kuongeza KARIBU NUNGWI, ambayo haina kihusishi cha kukosea.